Mamba Wote Niliowaua

Idsowe, Mfungo Mosi

Dada yangu Mwanaarusi, salamu nyingi. Mahindi yameota vizuri.

Habari za kifo changu ni kweli. Mtumbwi ulipinduka, nikafa. Huko ahera nikawakuta mamba wote niliowaua, wamejipanga mlangoni wananisubiri. Nilikimbia mpaka nikazinduka matopeni Kipini. Usimwambie mtu kwamba nilikimbia.

Kufika nyumbani, namkuta mke wangu Esha amekaa eda yangu. Anasema eda ikianza haikatizwi, hata marehemu akirudi. Kila siku namwachia samaki mlangoni.

Jana akasema nyuma ya mkeka uliotundikwa mlangoni, "Eda ikiisha, njoo upose. Ila marehemu alikuwa na majisifu mno. Wewe umewahi kuogopa kitu?"

Dada, nimjibu nini?

Ni mimi nduguyo,
marehemu Komora