Mchele Mweusi Ulioshinda Kidole Changu

Mjukuu wangu Zuhura,

Nina miaka sabini na tisa. Nimezika meno yangu yote, redio nne na daktari aliyenikataza chumvi. Hapa Mombasa sote wazima, na mamako anakusalimu.

Umeniuliza kama huo mchele mweusi wa Minnesota unalika. Unalika sana! Mimi niliupika kabla mamako hajazaliwa, hapo hapo Minneapolis unapoishi, kwenye makao ya wazee. Nilikuwa naosha masufuria na roho yangu yote ilitaka upishi. Mpishi mkuu, Bi Ruth, wa wenyeji wa asili wa huko, waliokuwepo kabla ya wazungu, aliuvuna mwenyewe ziwani kwa mtumbwi.

"Pika huu," akasema. "Wazee wakila, kesho unavaa aproni ya mpishi."

"Wali? Mimi nimezaliwa Mombasa!"

Nikapima maji kwa kidole, kama mamangu alivyonifunza. Maji yakakauka, punje bado ngumu kama kokoto, na wazee washaketi mezani.

"Kidole kinasemaje?" akauliza Bi Ruth.

Nikanywea. "Nisaidie, mama."

Akaongeza maji mara tatu. Punje zikapasuka, zikanukia kama majani ya chai. Zuhura, nilikula nimesimama, wazee nikawasahau!

Wazee nao walikula, na aproni nilipewa. Bi Ruth alisema ni kwa sababu niliomba msaada. Mimi nasema ni upishi wangu. Shahidi ni nyanyako, aliyekuwa akipanga sahani siku hiyo. Naye mpaka leo yuko upande wa Bi Ruth.

Babu yako