Beberu wa Kikundi

Jumapili, 13 Machi 1994

Majani, maji, kufagia banda. Kanisani. Kurudi, kuvua suti, banda tena. Akina mama wa kikundi wakaingia na mbuzi wao, wote kwa pamoja, maana Jumapili ndiyo siku isiyo na soko wala shamba. Beberu akawanusa mbuzi mmoja mmoja. Akalala.

Tangu nipunguzwe kazi kiwandani mjini, kazi yangu ndiyo hii: kumtunza beberu wa mbegu ya maziwa wa kikundi cha mke wangu. Sikuomba. Mke wangu, Mama Ndeshi, ndiye aliyekubali kwa niaba yangu. Anauza mitumba Kikatiti, mimi nipo nyumbani. Zamani tuliimba kuwalaani mabeberu. Leo nawakatia majani.

Nimempa jina Meneja. Ndevu, tumbo, na hakuna anachofanya.

Jumatano, 16 Machi

Nanuka. Beberu hujikojolea ndevu, ndiyo manukato yake, nami ndiye ninayemshika. Mama Ndeshi kanihamishia chakula barazani. Kanisani benchi langu halijai siku hizi. Nimeoga kwa sabuni ya kufulia. Bure.

Mmeru mzima na mbuzi! Baba alifuga ng'ombe. Mbuzi kwetu alikuwa wa kuchinja, supu, basi. Nina hasira leo.

Jumapili, 20 Machi

Wamekuja, wamerudi. Meneja hata kunyanyuka hakunyanyuka. Mama Kaanaeli, mwenyekiti wa kikundi, akatangaza mbele ya wote: masika yakiisha tunakaa kikao, na kama hakuna mbuzi mwenye mimba, beberu anauzwa kwa mchoma nyama wa Kikatiti. Wengine wakacheka.

Nilikasirika. Ajabu, maana nilidhani ningefurahi. Jioni nilimkuna shingo. Anapenda kukunwa, mvivu yule.

Jumanne, 22 Machi

Leo! Bibi Nderi, mjane jirani yetu, alikuwa akipita na mbuzi wake kwenda kumfunga malishoni. Mbuzi analia tangu alfajiri, mkia unatikisika kama ufagio. Meneja akasikia. Akavunja mlango wa banda nilioupigilia misumari kwa mkono wangu, akakatiza shamba la matembele, na kazi ikafanyika pale pale njiani. Bibi kashika kamba kwa mkono mmoja, kwa mwingine kajifunika uso na kanga. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kumbe beberu hana kasoro. Kasoro ni Jumapili. Mbuzi jike ana siku yake ya kutaka dume, ikipita imepita mpaka izunguke tena, wala haingoji ibada iishe. Tumekuwa tukimletea wachumba wasio na habari naye. Mume gani angehangaika?

Jumatano, 23 Machi

Nyumba kwa nyumba. Nimewaambia waangalie mkia. Mbuzi akilia, akitikisa mkia, akikataa kula, aletwe siku hiyo hiyo. Jibu lao lilikuwa moja: siku za kazi nani amlete? Soko, kahawa, watoto. Nikasema nitawafuata mimi.

Wakanitazama. Mwanamume mzima, mzee wa kanisa, kukokota mbuzi wa wake za watu mchana kweupe? Ndiyo. Mchana wote ninao, kila siku.

Jumapili, 27 Machi

Jumapili ya Matawi. Mama Kaanaeli kaandika tangazo, na zamu ya kusoma matangazo ni yangu. Watoto na matawi yao mikononi, kwaya imesimama, nami nasoma: wenye mbuzi wanaotikisa mikia wamwite Baba Ndeshi mara moja, siku yoyote.

 Mchungaji mwenyewe akaanza kucheka, kanisa zima likafuata. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini kicheko huambukiza, na kabla ya sala ya mwisho nami nilikuwa nimeshika mbavu.

Alhamisi, 14 Aprili

Mvua. Matope mpaka magotini. Asubuhi mbuzi wa Mama Kaanaeli, mchana wa mke wa mwalimu; mbuzi huyo aligoma katikati ya daraja nikambeba. Watoto wa shule wananipita: "Shikamoo, Baba Mikia!" Marahaba. Ninaitikia.

Nimemwachisha Meneja machicha ya pombe, tumbo limepungua. Sasa akisikia kengele ya mbuzi anasimama wima. Nina furaha, niseme tu ukweli.

Ijumaa, 20 Mei

Mchoma nyama kaja. Kamshika Meneja mgongo, kampapasa mapaja. Kasema ananuka, lakini nyama ni nyama. Nikamwambia kikao bado. Nikaufunga mlango wa banda.

Mbuzi wawili wamerudi kutaka dume. Waliobaki wametulia. Wanasema kutulia ndiyo dalili njema. Naogopa kuamini.

Jumamosi, 25 Juni

Kikao uani kwetu. Bwana mifugo akapapasa matumbo, mbuzi mmoja baada ya mwingine, uso mkavu kama hakimu. Kisha akasema wana mimba. Karibu wote.

Vigelegele! Mama Kaanaeli, yule yule wa kuuza, akamvika Meneja kanga yake. Mchoma nyama alikuwa keshafika na kamba. Wakampa chai na ndizi, akaenda zake. Mama Ndeshi akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hajalifanya tangu harusi yetu. Sikujua niuelekeze wapi uso wangu. Sikuutoa mkono.

Jumamosi, 20 Agosti

Baridi. Ukungu umeshuka kutoka mlimani mpaka migombani. Bibi Nderi aliniita asubuhi, wanawe wote wako mjini. Mbuzi wake kazaa mapacha, majike wawili. Wa pili alitanguliza mguu mmoja, nikausaidia mwingine taratibu, akatoka. Wakasimama wakiyumba. Bibi aliwafuta kwa gunia.

Bwana mifugo alishatuonya: mabinti hawa wakikua, baba yao asiwepo. Tutabadilishana na kikundi cha ng'ambo ya mto, Meneja aende, wa kwao aje. Ni haki. Sipendi, lakini ni haki.

Bibi akauliza huyo beberu mgeni akija atakaa kwa nani. Nikasema kwangu, hata hajamaliza kuuliza. Kisha nikanawa mikono, tukanywa chai.