Chupa za Jirani Nyuma ya Ukuta wa Babu

Mama Solange mpendwa, nisaidie, nimekosa pa kuuficha uso wangu. Sisi tunalima zabibu za mvinyo wa shampeni tangu enzi za babu wa babu, na kila mgeni akija kuonja humsimulia kwa mbwembwe jinsi babu Aurélien alivyojenga ukuta katika handaki la kuhifadhia mvinyo wakati wa vita akaficha chupa zetu Wajerumani wasizipate, lakini mwezi uliopita ukuta ule ulibomoka pembeni, nikamulika taa, nikaona chupa kama mia sita, zote zina doa la buluu kitakoni, na hapa kijijini kila ukoo hutia doa la rangi yake ili ujue chupa imezungushwa kiasi gani, maana huzigeuza kidogo kidogo mashapo yashuke shingoni, yetu ni nyeupe, buluu ni ya akina Mathelin. Kijijini wote wanajua kuwa Mzee Mathelin alipokamatwa na Wajerumani alimwachia babu chupa zake amtunzie, hakurudi, na babu akamwambia mjane, "Pole shemeji, wamezibeba zote," mjane akakosa cha kuuza, akatuuzia shamba. Mjukuu wake Odile ndiye kibarua wetu, anapogoa mizabibu katika shamba hilohilo. Nami ukuta nimeuziba, Mama. Juzi Odile akanitania, "Bosi, mbona una saruji mpaka kwenye nyusi? Unaficha hazina?" Nikacheka, najichukia kwa kicheko kile. Sasa sikukuu ya Mtakatifu Vincent, mlinzi wa wakulima wa zabibu, imekaribia, na ni zamu yangu kuwasomea wakulima wote kanisani historia ya ukoo wetu. Nisome nini?

Gervais

Gervais, pole, lakini usijifiche nyuma ya marehemu. Ukuta wa kwanza ni wa babu yako, wa pili umeujenga wewe, mtu mzima na akili zako. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Usiungame kanisani kwanza, Odile asije akayasikia haya mbele za watu. Nenda kwake leo, mikono mitupu, umwambie yote. Kisha mpe nyundo, auvunje ukuta mwenyewe. Huenda mvinyo umeshakufa, lakini ni wake. Halafu nendeni kwa mwanasheria umrudishie shamba, na usimdai msamaha kama malipo. Akikutukana, nyamaza.

Siku ya sikukuu, karatasi ya historia hii mpe yeye asome, nawe ukae benchi la nyuma usikilize. Akikataa, basi mwaka huu pasisomwe kitu.