Maelezo Kuhusu Tingatinga na Choo cha Meneja

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Bibi Wembe, ndivyo ninavyojulikana.
Umri: Sabini na kitu. Hicho kitu hakikuhusu.
Kazi: Mfinyanzi wa vyungu.
Makazi: Karibu na chemchemi, ardhi ya ukoo wetu, tuliyoikalia kabla kampuni ya mafuta haijaijua njia.

Afande, weka simu chini! Mjukuu wangu amelala sakafuni mahabusu kwenu kwa jambo nililolifanya mimi, na wewe unachekea simu. Andika.

Kampuni ilifyeka msitu wetu ikitafuta mafuta na gesi, ikaacha njia zilizonyooka, wao huziita mikuza. Lakini ramani yao inaonyesha kijani kitupu kutoka chemchemi hadi kambini kwao, ati msitu haujaguswa. Mjukuu wangu, aliyesomea upimaji, akasema, "Bibi, tuchore yetu. Kila walipoijeruhi ardhi paonekane. Baraza la ardhi linakaa Ijumaa."

Mnamo Jumatatu asubuhi tuliingia msituni. Yeye alipima kwa simu, mimi nikaweka alama. Alinipa utepe mweupe; nikamwambia huo ni wa sanda, nikachana gauni langu jekundu. Nilifunga kitambaa kila penye kovu: visiki, shimo la tope la mafuta, tairi walilotupa. Cha mwisho nilikifunga kwenye choo cha kambi, peke yangu, yeye akiwa amekwenda kuchaji simu. Choo hicho wamekichimba juu ya kaburi la mama mkwe wangu. Hatukupatana hata siku moja, lakini hilo hakustahili.

Sikujua kwamba kampuni humwelekeza dereva wa tingatinga kwa vitambaa vyekundu.

Jumanne saa mbili asubuhi dereva huyo alisimama kwangu kuomba maji. Nikamuuliza, "Unakwenda wapi na dude hilo?"

"Nafuata vitambaa, bibi. Vikiisha, nimefika."

Nikamsifu kwa utii.

Baadaye nilisikia kishindo. Nilipofika kambini, choo kilikuwa kimelala chali, na meneja kasimama kando, suruali mkono huu, gazeti mkono ule.

"Nani kakuleta huku?"

"Njia, bosi."

"Njia gani? Huku hakuna njia!"

"Bosi, nimetoka chemchemi mpaka hapa sijaangusha mti hata mmoja. Ni choo tu."

Wote tukageuka. Mkuza ule ulikuwa wazi, umenyooka hadi mwisho wa macho. Meneja akavaa suruali, akafunga mkanda. Alipomwona mjukuu wangu anapiga picha akawaita ninyi, ati binti amelipotosha tingatinga kwa vitambaa. Mkambeba yeye na simu yenye ramani.

Vitambaa ni vyangu. Kama ni kosa, mikono ndiyo hii.

Niliyoyaona na niliyoyatenda nimeyamaliza. Mtoe mtoto, mpe simu yake, kisha ukautazame mkuza huo leo hii, maana nimewaacha watu wa kampuni wakipanda miche humo mbio mbio.

Sahihi: (dole gumba)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, nikamsomea shahidi akayakubali, ila anasema mwandiko wangu ni mbaya. Konstebo: leta funguo za mahabusu, na uwashe gari.