Maharage ya Baba

Ufaransa, tarehe 2 Oktoba 1956

Kwa mama yangu mpenzi Nyiransabimana, Kingi,

Amani ya Bwana ikukute umeketi vizuri, jembe umeliweka chini kwanza. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko? Mimi ni mzima, ila nimenenepa kidogo kwa mkate. Athanase mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole wala usiruke kitu.

Mama, mapadre vijana ninaowafundisha Kiswahili wanaendelea. Zamani walisalimu mbio mbio, kama mtu anayefukuza kuku. Siku hizi wanauliza kwanza habari za nyumbani, ndipo waseme shida yao. Mmoja ananiuliza kila asubuhi kama ng'ombe wetu hawajambo, nami namjibu kwamba ni wazima wote, ingawa sijui.

Nakumbuka sana Kingi: ukungu ukiteremka mlimani, moshi ukipenya nyasi za paa, nawe mlangoni unapepeta. Mwanzoni nilihesabu majuma ya kurudi. Sasa nasahau kuhesabu, na hilo linanitisha.

Nakaa kwa mjane mmoja, Mama Pétronille. Mwezi wa sita aliniona bustanini nachuma majani ya maharage, mushogoro wetu, akadhani nimechanganyikiwa, maana huku hawali majani hayo. Nilimpikia. Alimaliza sahani akaomba tena.

Sasa Athanase, polepole hapa. Maharage hayo, Mama, ni yale uliyonifungia katika kitambaa siku ya kuondoka, ya mavuno ya mwisho ya Baba. Uliniambia: “Mugeni anakulaka tu, hapandake. Utairudisha weye mwenyewe, njo tutaipanda hapa.” Nami niliahidi kutoyapanda ugenini, bali kuyarudisha mwenyewe nyumbani. Lakini mwaka jana Septemba mvua iliponyesha, mkono ulinishinda. Nilipanda nusu, kama tunavyopanda Kingi mwezi huo. Yaliota vizuri, kisha baridi ya huku ikayaua yote. Nililia kama siku tulipomzika Baba. Mama Pétronille hakunicheka. Alinifundisha kungoja mwezi wa tano, na nusu iliyobaki ikazaa.

Basi yale ya Baba yamekwisha, na ahadi nimeivunja. Tena nimekubali kufundisha hapa miaka miwili zaidi. Sikulazimishwa na mtu. Napapenda hapa, Mama, na kukuambia hivyo kunaniuma.

Ndani ya bahasha hii kuna mbegu kumi na mbili, watoto wa yale ya Baba. Usiningoje. Zipande kwenye shamba lake kabla mvua hazijapungua. Zilizobaki nimeziweka, nitazipanda huku mwezi wa tano.

Nisalimie dada Béata na majirani wote wa mlimani. Ukinisamehe, mwambie Athanase aniandikie kama zimeota. Usiponisamehe, aniandikie vilevile.

Ni mimi mtoto wako,
Mbonigaba Barthélemy