Tende ya Akika na Vijidudu vya Raya

Hapana, Majaliwa, hakuna aliyenifukuza! Nani kakwambia? Nimedhalilishwa tu, tena kwangu, hapa hapa Dunda, kwenye akika ya kitukuu, siku ya kumpa jina.

Tende ishafika mkononi, niitafune nimpake mtoto kinywani, kama nilivyowapaka watoto wote wa nyumba hii. Mara mjukuu wangu Raya, yule wa maabara: "Babu, usitafune!"

Mbele za watu! Usitafune!

Katoa simu. Picha ya sahani ya plastiki, imejaa vishimo. Kila kishimo kimepakwa sukari, ati kama ile iliyomo kinywani mwa mtu. Wanamwaga vijidudu vilivyotiwa rangi, wanasuuza. Vilivyong'ang'ania vinang'aa kijani.

Sahani nzima inawaka kama msikiti siku ya maulidi!

"Vya nani hivi?"

"Vyako, babu. Si ulinipa mate juzi? Ukitafuna, vinahamia kwa mtoto."

Vyangu, Majaliwa! Mate nilimtemea kwenye kichupa bila hata kuuliza.

Kibibi, bibi wa upande wa pili, kacheka mpaka ushungi ukamvuka. "Lete tende, nitafune mie."

"Sawa, bibi. Tema mate kwanza, nikapime."

Kibibi akaurudisha ushungi wake kichwani. Hata shehe, niliyemtegemea, akakumbuka ghafla kuwa tende ikipondwa kwa kijiko inafaa.

Basi nikaiponda. Kijiko kimechemshwa! Nikanawa kwa sabuni mara mbili, nikampaka kwa kidole. Mtoto kafyonza, kataka tena. Raya akaninong'oneza, "Jina litaje wewe, babu." Nikalitaja.

Ndipo sinia la pilau likaja. Tukakaa sote, mikono tisa sinia moja, na wa kwanza kutumbukiza wake ni Raya.