Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Nasma, mwaga yale maziwa niliyokuletea asubuhi. Usimpe mtoto hata tone!

Nimepigana na shemeji Ndaki.

Siku ya tatu hii maziwa yangu hayagandi. Nikajilaumu, nikasugua vibuyu mpaka basi. Leo naingia zizini, nakuta chupa ya dawa ya sindano ya ng'ombe imefichwa kwenye miba ya ua. Kumbe ndiyo inazuia mtindi! Yule ng'ombe mwekundu kiwele kimevimba, kigumu kama jiwe, ukiminya linatoka bonge lenye damu.

Nikamuuliza Ndaki, umemchoma dawa na bado unanipa maziwa yake nikauze? Akacheka. "Kwani wateja wamekufa?"

Kwani wateja wamekufa!!! Nikamrushia kibuyu usoni. Akanitandika fimbo ya kuchungia mgongoni, mara mbili. Nikaikamata, nikamrudishia nayo mdomoni, ukapasuka. Kijiji kizima cha Magamba kikajaa uani.

Sasa sikia. Mzee Lyamba, jirani yetu, akachota kikombe kwenye ndoo ya maziwa yaleyale, akampa Ndaki. "Kama ni mazima, kunywa."

Nasma, Ndaki akatema damu chini, akasukuma kikombe.

"Mimi na wanangu tunakunywa ya yule ng'ombe mweusi."